Mayai Yasiyo na Pahali pa Kulala

Frigo yetu ya zamani ilipokufa, mume wangu akakataa kuitupa. Akaipeleka kwa fundi wa mtaani, naye fundi akang'oa mtambo wa nyuma, akafunga balbu, feni ndogo iliyotoka kwenye kompyuta mbovu, kidude cha kuzima balbu joto likifika kiwango chake, na beseni la maji chini. Ikarudi nyumbani imekuwa kuveze ya kutotolesha vifaranga. Tangu siku hiyo jikoni kwangu zimesimama frigo mbili bega kwa bega: moja imejaa samaki tomsoni walioganda, nyingine inataka joto la nyuzi 37.5. Atakayekosea mlango atakiona cha mtema kuni.

Wanaume wa nyumba hii walidhani kazi imekwisha. Kumbe taabu si mashine, taabu ni mayai yanayoingoja mashine. Kuku wetu wa uani hawafiki ishirini, wote wa kienyeji, na kuku wa kienyeji hatagi kwa kumfurahisha mtu. Leo mayai matano, kesho matatu, keshokutwa mbwa wa jirani kapita uani na hakuna hata moja. Kuveze yenyewe inameza trei mbili. Ukiiwasha kwa mayai manne, balbu zinakula umeme uleule. Ukiyaingiza kidogo kidogo kila siku, unajitafutia balaa, kwa sababu kifaranga anahesabu siku zake 21 tangu yai lilipoanza kupata joto, na zile tatu za mwisho mayai hayageuzwi tena na unyevu unaongezwa. Ukichanganya wakubwa na wadogo, unamsaidia huyu unamuua yule. Kwa hiyo mayai yanakusanywa, yanangojeana, halafu yanaingia yote siku moja. Yangojee wapi? Hilo halikuulizwa siku ya kununua balbu.

Tunakaa Panda, hapa Likasi, katika nyumba ya matofali iliyojengwa na kampuni ya madini ya Union Minière kwa ajili ya wafanyakazi wake, enzi Likasi ilipoitwa Jadotville. Ni nyumba imara, lakini ndogo, na kila pembe ina mwenyewe. Jikoni ni pangu. Sebule ni ya mume wangu na redio yake. Chumba cha kwanza ni cha Papa mkwe, aliyefanya kazi miaka yake yote kwenye viwanda vya Shituru, upande wa elektrolisi, kule shaba inakosafishwa kwa umeme tangu 1929. Aliondoka Gécamines, kampuni iliyorithi Union Minière, katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003, yeye na wenzake zaidi ya 10,000. Hiari yenyewe ilikuwa ya namna gani tuiache, tusije tukaharibu chakula cha jioni. Alichotoka nacho ni kipimajoto na mazoea ya kuandika kila kitu daftarini. Chumba cha mwisho, kile ambacho mwembe umeziba dirisha lake na ambacho kinanuka dawa ya kuchua, ni cha Kambo, mama yake Papa mkwe, mwanamke ambaye umri wake haujulikani na hauulizwi. Watoto wanalala penye nafasi.

Papa mkwe alitueleza mambo mapema, tena mezani, bukari, ugali wetu, ikiwa bado inafuka moshi. Yai lililopata jogoo, alisema, likitoka kwa kuku ni kifaranga aliyekwisha kuanza. Limekaa karibu siku nzima ndani ya mwili wa mama yake, kwenye nyuzi 41 hivi, na kile kidoa cheupe juu ya kiini tayari kina chembe hai maelfu kwa maelfu. Likipoa chini ya nyuzi 20 au 21, linasimama. Halifi, linasinzia. Likiachwa kwenye nyuzi 25 au 28 haliwezi kulala wala kuamka: linakua kidogo, linakwenda kombo, linachoka kabla halijaiona mashine. Likishushwa mno nalo linaumia. Kama litangoja siku mbili tatu, lipewe nyuzi 18 hadi 20. Kama ni wiki, 15 hadi 18. Likipita wiki, chini ya hapo kidogo, lakini lisifike 10. Na hewa iwe na unyevu, asilimia 75 na kuendelea, kwa kuwa ganda lina vitundu maelfu na yai linakauka kupitia humo hata kama hulioni likikauka.

Aliyasema haya kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti ya zamu ya usiku. Mume wangu alikuwa anatafuna. Kambo alikuwa anasinzia naye, kwenye joto la kawaida.

Wenyeji wanajua mwezi wa kumi ulivyo huku kwetu. Mvua bado, vumbi jekundu limefika hadi kwenye meno, na mabati yanaanza kulia asubuhi kwa joto. Ndio mwezi ambao mume wangu alichagua kupanga mayai yake juu ya kabati la jikoni, hatua mbili kutoka kwenye mbabula yangu ya makaa. Hoja yake ilikuwa kwamba kuku anapenda joto, kwa hiyo yai litapenda joto. Nilimwambia baba yake alisema vingine. Akanijibu kwamba Papa alikuwa anaongea habari za shaba.

Papa mkwe hakubishana. Kila mchana alipanda kigoda, akaangalia kipimajoto, akashuka, akaandika. Nyuzi 29. Nyuzi 30. Nyuzi 29. Usiku, 24. Ukurasa ule bado upo, nami nimeuona: hakuna neno la lawama hata moja, ni tarakimu tu, zimeteremka kwa mstari ulionyooka mpaka chini.

Siku ya saba baada ya kuwasha kuveze, wakazima taa ya sebule wapime mayai. Wanaweka tochi ya simu ndani ya kipande cha boksi la karatasi ngumu kilichokunjwa, wanalaza yai mdomoni pake. Yai zima linaonyesha mishipa myembamba iliyotandaa kutoka kwenye kidoa kimoja cheusi, na ukitulia unakiona kidoa kikicheza. Yetu yalikuwa na duara. Duara jekundu, jembamba, limejichora ndani ya ganda kama alama ya kikombe mezani. Ni mishipa iliyoanza, ikashindwa, damu ikarudi pembeni. Yai la kwanza duara, la pili duara, la tatu duara, la nne halina kitu kabisa. Watoto walidhani ni mchezo, wakawa wanashangilia kila duara likitokea. Baba yao aliwafukuza wakalale.

Mvua zikaja, na wazo jipya likaja nazo. Kama joto limeua, baridi itaponya, na baridi tunayo, tunailipia kila mwezi. "Frigo inachungaka kila kitu," mume wangu akasema, akanihamishia tomsoni zangu upande mmoja.

Frigo ya kawaida inakaa kwenye nyuzi 4. Kwa yai la kukaanga ni pazuri sana. Kwa yai lenye uhai ni usingizi mzito kupita kiasi, na mengi hayaamki. Hata hivyo hiyo 4 yenyewe tulikuwa tunaisikia tu, maana delestaji, yaani mgao wa umeme, ikija frigo inapasha, umeme ukirudi inaganda, ukiondoka inapasha tena. Mayai yakawa yanapandishwa na kushushwa mchana na usiku. Papa mkwe alitia kipimajoto ndani ya sahani ya siagi, akaandika, akafunga mlango polepole.

Siku ya kuyatoa, mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri na jikoni palikuwa pamejaa mvuke wa sombe. Mayai ya baridi yakakutana na hewa ile, yakalowa. Matone yakatoka juu ya maganda, yakateremka, trei ikawa imelowa chini. Kambo alikuwa amekaa mlangoni. Akaona mayai yanatoka jasho, akayahurumia. Akaomba beseni, maji ya vuguvugu, sabuni ya kufulia na kitambaa, akayaosha yote, moja moja, akayapangusa mpaka yakang'aa.

Ni mara ya pekee niliyomsikia Papa mkwe akimpandishia mama yake sauti. Juu ya ganda, alisema, kuna utando mwembamba ambao kuku anaupaka yai linapotoka, na utando ule ndio mlango wa vile vitundu. Ukilowesha ganda, maji yanapitisha uchafu kuingia ndani. Ukisugua na sabuni umeng'oa mlango wenyewe. Yai chafu sana halioshwi, halitiwi kwenye kuveze, basi.

Kambo alimsikiliza mpaka mwisho, kitambaa mkononi.

"Mi nilikuoshaka weye na sabuni," akamjibu, "na haukukufa."

Pakawa hapana la kuongeza. Mayai yakaingia kwenye mashine yakiwa masafi kuliko watoto.

Anayejua yai viza anajua kinachofuata. Vijidudu vilivyoingia kwenye ganda vinakuta chakula na joto la kuvifaa, vinatengeneza hewa, hewa inajaa, ganda linavumilia mpaka linashindwa. Lilishindwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, nimeanika kitenge changu kipya kwenye kamba ya jikoni kwa sababu nje kulikuwa na mvua. Tulisikia mlio mdogo tu. Halafu la pili, lililokuwa jirani na la kwanza. Feni, ambayo kazi yake ni kusambaza hewa sawasawa, ikasambaza sawasawa. Mume wangu alipofungua mlango, maji ya rangi ya kijani iliyokaribia weusi yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye balbu na kuchemka papo hapo. Jirani wa kushoto alituma mtoto kuuliza kama kuna msiba. Kitenge nilikifua kwa ndimu, kwa majivu, kwa siki, na mpaka leo mvua ikinyesha kinakumbuka.

Baada ya hapo mayai yakatolewa jikoni kwa amri yangu. Papa mkwe akayachukua yeye mwenyewe, akayaweka chini ya meza ya sebule, kwenye sanduku la mbao, ncha nyembamba chini na ule upande butu wenye kijifuko cha hewa juu. Kila yai aliandika tarehe kwa penseli. Sebule haikuwa baridi ya kutosha, lakini mvua zilikuwa zimetuliza joto, na mzee akasema tukiwahi ndani ya siku tatu nne tunaweza kujaribu. Kwa mara ya kwanza jambo lilikuwa linaelekea kuwa jambo.

Ndipo mjomba wa mume wangu akafika kutoka Kolwezi, yeye na watu wake, jioni, bila kupiga simu. Mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Papa mkwe alikuwa amelala, na nyumbani yuko kijana wetu wa kwanza peke yake, mwenye adabu zote ambazo tumemfundisha. Mgeni analishwa. Akakoroga unga, akatafuta kitoweo, tomsoni zimeganda, akainama chini ya meza.

Mjomba alisifu mayai yale mpaka aibu ikatupata. Manjano ya kiini, utamu wake. Alisema Kolwezi hayapatikani siku hizi, wanakula ya trei tu. Na kweli, sehemu kubwa ya mayai yanayouzwa madukani Katanga yanatoka Zambia, yanavuka mpaka Kasumbalesa juu ya malori. Ni mayai mazuri ya kula. Lakini kuku walioyataga hawajawahi kuona jogoo maishani mwao, na yai lisilo na jogoo ukilitia kwenye joto utangoja mpaka Noeli.

Kijana wetu hakuwa na habari hizo. Alichojua ni kwamba sanduku la babu lina mapengo. Asubuhi na mapema, kwa pesa zake mwenyewe, akaenda dukani, akachagua madogo madogo yenye rangi iliyopauka, akayapanga ncha chini, akaandika tarehe kwa penseli ileile. Hakuna aliyeona. Kuveze ikawashwa, umeme ukakaa vizuri ajabu, mume wangu akaanza kutafuta mbao za banda.

Siku ya tochi, baadhi ya mayai yalikuwa na mishipa. Mengine yalikuwa yanapitisha mwanga kama yalivyotoka dukani. Papa mkwe aliyatenga haya ya pili, akavaa miwani, akayageuza chini ya taa kwa muda mrefu. Hakuwa anatazama ndani. Alikuwa anatazama mwandiko. Mzee, kwa malezi ya masista na ya Shituru, anaandika saba yenye kijiti katikati. Mayai matupu yote yalikuwa na saba isiyo na kijiti.

"Bageni balikuwa na njala, Papa," kijana akasema. Alimwita Papa, si Kambo kama wajukuu huku wanavyomwita babu, kwa hofu.

Adhabu yake ilikuwa kuandika tarakimu saba, zenye kijiti, ukurasa mzima. Nilipinga kwa nguvu. Nilimwambia mume wangu kwamba nyumba inayokosa hata tomsoni moja isiyoganda ya mgeni haina haki ya kumwadhibu mtoto aliyeiokoa heshima yake. Wale wachache wenye mishipa walitoka salama, wakawa vifaranga wa kwanza wa kuveze ile, na paka akala wawili.

Mwezi wa sita ulipofika tulikuwa tumechoka habari za mayai. Baridi ya Likasi mwezi wa sita na wa saba haina mzaha: tuko juu, mita zaidi ya 1,200 kutoka usawa wa bahari, anga jeupe, na usiku makoti yanatoka kwenye masanduku. Kambo alilalamika kwamba chumba chake kimekuwa kaburi. Papa mkwe, aliyeingia kumpelekea blanketi, akakumbuka kuingia na kipimajoto.

Asubuhi nyuzi 15. Mchana 17. Jioni 17. Kesho yake vilevile. Akaniita nije nione. Mwembe unazuia jua, ukuta ni mnene, mlango unafunguliwa mara chache kwa kuwa mwenye chumba hapendi kusumbuliwa. Chumba ambacho kila mmoja wetu alikuwa amekikwepa tangu tuhamie ndicho pekee ndani ya nyumba kilichokuwa na tabia moja mchana na usiku.

Kambo alikataa. Hakuzaa watoto tisa ili uzeeni alale na mayai. Mazungumzo yalichukua muda na yalihitaji mjumbe, ambaye nilikuwa mimi. Tukaafikiana: blanketi la pili, chai ya asubuhi iletwe kitandani, na jogoo wa kwanza awe wake. Sanduku likaingia chini ya kitanda, na kando yake chungu cha mchanga uliolowa maji kwa ajili ya unyevu. Papa mkwe akaweka nusu tofali chini ya ncha moja ya sanduku. Asubuhi tofali linawekwa ncha hii, jioni ncha ile. Hivyo mayai yote yanainama bila kushikwa, na kiini hakigandi upande mmoja wa ganda. Kazi hiyo aliichukua Kambo, kwa kuwa anaamka kusali wakati sisi tunakoroma.

Alikuwa na la kusema pia. "Kuku anatagaka, anaondoka," alituambia. "Anatagaka tena, anaondoka. Siku anaona inatosha, njo analala." Kwa maneno hayo machache alikuwa amemaliza ripoti yote ya mwanawe. Koo wa kienyeji anataga siku kumi, kumi na mbili, na yai la kwanza linangoja la mwisho pale kichakani, kwenye baridi. Halikaliwi, ila dakika zile mama anapokuja kutaga jingine. Siku hizi hata makampuni makubwa ya vifaranga yanapasha mayai yaliyowekwa muda mrefu kwa saa chache, halafu yanayarudisha kwenye baridi, kwa kumwiga yeye.

Usiku mwingine nilimkuta Kambo amelisogeza yai kwenye jicho lake, amefumba, ameligusisha kwenye kope. Anapima baridi, akasema. Kope haidanganyi. Nilicheka, lakini Papa mkwe hakucheka. Watotoleshaji wa Misri, wenye tanuri zao za udongo, walikuwa wanapima joto la mayai hivyohivyo, kwenye kope ya jicho, karne nyingi kabla ya vipimajoto. Mfaransa Réaumur, ambaye yeye mwenyewe alitengeneza kipimajoto chenye jina lake, aliandika juu ya tanuri hizo mwaka 1749.

Mayai yalipotimia, hayakukimbizwa kwenye mashine. Yalitolewa jioni yakalala sebuleni, yapande polepole, yasilowe. Umeme ulikatika mara kadhaa katikati, tukaingiza chupa za maji ya moto na kufunga mlango kwa blanketi la pili la Kambo, jambo ambalo hajalisamehe. Siku ya 21 jioni hapakuwa na kitu, mume wangu akaanza kutembea. Papa mkwe akamwambia akae: yai lililongoja linachelewa, kiasi cha saa moja kwa kila siku iliyozidi, na haya yalikuwa na siku za kutosha. Asubuhi jikoni kwangu palikuwa na kelele nyuma ya mlango wa frigo. Zaidi ya nusu yalitoka. Mengi ya yaliyobaki, kwa mujibu wa penseli, yalikuwa yale ya zamani zaidi sandukuni.

Kwa hiyo sasa nyumba ina sheria, na imeandikwa daftarini. Yai linaingia chini ya kitanda cha Kambo mwezi wa tano hadi wa nane tu. Likipita siku saba bila kuveze kuwashwa, linakuja kwangu, nalikaanga, na mjomba wa Kolwezi anakaribishwa. Mwezi wa kumi kazi inaachiwa kuku wenyewe.

Vifaranga wamekua, na sehemu kubwa wametoka majogoo. Kambo amekwisha kuchagua wake. Mitetea hatuuzi. Majogoo wapo, wanawika tangu saa tisa za usiku, na jirani wa kushoto ameanza tena kutuma mtoto. Anayehitaji aje Panda na kikapu chake. Kwa bei tutaelewana.